Vidole Viwili

Chuma hiki kilizaliwa kuchezea mchanga.
Hoteli moja ya Shanzu ilikikodisha kwa saa,
wageni wakapiga mayowe, wakarudi kwao na picha.
Hoteli ilipofungwa kikauzwa pamoja na vitanda na masufuria,
nami nikakinunua kwa bei ya ng'ombe na ndama wake.
Sasa miguu yake minne inabeba maziwa,
mikebe minne, kutoka Mwakirunge hadi Utange,
kila alfajiri, kabla jua halijaanza kuyachachusha.

Kiangazi hatugombani.
Masika yakianza, pale mteremkoni Kwa Ndoro
udongo hulegea kama ugali ulioharakishwa,
na tairi hizi zilizokwisha meno
huzunguka, huzunguka, zikijichimbia kaburi.
Jumanne nilimwaga mikebe miwili.
Mbwa wa Kwa Ndoro walikunywa mpaka wakalala.

Tukakipakia kwenye pikapu, tukaenda Mwembe Tayari,
mimi na mdogo wangu Mwaringa, mwenye maoni juu ya kila kitu.
Tairi zilining'inia ukutani kama mbavu buchani:
inchi ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na nane.
Za ishirini na nane zilikuwa na meno ya kiboko,
kidole chote kinazama kati ya jino na jino.
Mwaringa akazikumbatia.
"Dada, hizi zitapita hata baharini."
"Maziwa hayaendi baharini," nikasema,
lakini mkono wangu nao ulikuwa umeshazishika.
Mpira mpya unanukia kama siku ya kwanza ya shule.

Fundi Shekuwe hakusema kitu.
Alipiga magoti penye oili,
akakata usukani wote kushoto, kisha wote kulia,
akaingiza vidole kati ya tairi na madigadi.
Vikaingia viwili.
Akajaribu cha tatu, kikagoma.
"Huu ndio wasaa wako duniani," akaniambia.
"Ukitaka zaidi, tuite msumeno."

Kisha akaigonga injini kwa kiganja
kama daktari wa watoto.
"Mzee huyu ana miaka kumi na tisa.
Ukimvisha gurudumu kubwa, umemrefushia hatua,
hukumwongezea pumzi.
Mlimani atatafuta gia ambayo hana.
Mkanda utanuka kuungua, ekseli italia,
na tope, bibi, halina haraka."

Mwaringa akaleta habari za kuinua springi,
za klachi mpya kutoka Dubai.
Shekuwe akapiga hesabu kwa kalamu, kiganjani.
Jumla ilikuwa ng'ombe wa pili.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Nikalikumbuka kabati nililonunua mwaka wa harusi,
la mvule, lenye vioo viwili,
likashindwa kuingia mlangoni,
likaozea kibarazani, zuri vilevile.

Nikachagua ishirini na sita.
Tena nyembamba,
maana Shekuwe alisema pana huelea juu ya tope,
nyembamba hushuka kutafuta udongo mgumu.
Vidole viwili vikabaki kimoja na kitu.
Mwaringa hakunisemesha mpaka Kongowea.

Jana mvua ilinyesha usiku kucha.
Kwa Ndoro palikuwa pamegeuka uji.
Kikainamisha pua, kikayumba,
madigadi ikakwaruza mara moja, krrr,
kama mtu anayekohoa mlangoni ujue amefika.
Nikangoja kuzama.
Mahali fulani huko chini jino likapata kitu cha kuuma,
na injini ikavuta pumzi yake ileile ya zamani, 
fupi, ya kutosha.

Mbwa walikuwa wamekaa pembeni, mstari mmoja,
wananitazama.
Nikawapita.
Mmoja alinifuata hadi njia panda,
akasimama, akarudi.